Tilapia wako kanona ama ni kichwa tu? Njoo tumpime

Haya asalaam aleikum, leo tuko nyuma ya nyumba hapa Kisauni na tangi langu la tilapia. Najua, mtu wa Mombasa ukimtajia samaki wa maji baridi anakunja uso, yeye ni changu na tafi tu, lakini wateja wangu wa vifaranga vya samaki kila siku ni "mbona wangu warefuka hawanenepi?" Sasa hapo jicho hudanganya, tuchukue mizani na rula.

Mizani ya jikoni, beseni na maji kidogo, bonyeza isome sufuri, mtie. Gramu 141... ala! Kanirushia maji mpaka kwenye simu. Maji yakimwagika hivi anza upya, maana nayo yalikuwa kwenye hesabu. Na hizi namba zaruka juu ya upepo wa kusi, hebu nisogee ukutani. Haya, 148.

Sasa urefu, na hapa tusikizane. Ubao wenye rula ulowe maji, usimtoe ute. Mdomo umefungwa, uguse kibao cha mwanzo wa rula, mkia ubane kwa vidole viwili usome NCHA. Ncha ya mkia, si pale magamba yanapoishia! Mimi siku za mwanzo nilipima mpaka shina la mkia, samaki kama huyu nikapata sentimita 16, hesabu ya unono nitakayokuonyesha sasa hivi ikaniletea 3.6, nikasema lo, hawa wamenona kupita kiasi, nikapunguza chakula. Wiki sita, wallahi, walibaki kama majani ya mwembe. Kwa hivyo ncha. Huyu ni sentimita 20.

Toa kalkuleta: 20 mara 20 mara 20 ni 8000. Gramu 148 gawanya kwa 8000, zidisha kwa 100, ni 1.85. Hicho ndicho kipimo cha Fulton, namba ya kuonyesha samaki kanona kiasi gani kwa urefu wake. Urefu unaingia mara tatu kwa sababu samaki akikua anaongezeka urefu, upana na unene pia, ndo maana ukikosea sentimita moja tu ukasoma 21, huyu huyu anashuka mpaka 1.6. Nimesema ncha? Ncha.

Tilapia wangu wakiwa sawa hucheza 1.7 hadi 1.9. Usimlinganishe na kambare, yule mwembamba kama fimbo, hata akiwa mzima moja huenda asiifikishe. Na usipime mmoja ukaanza kutangaza, vua kama 30, wakubwa kwa wadogo, na uwapime asubuhi kabla hujawalisha, tumbo likijaa litakudanganya.

Mwengine huyu, sentimita 21, gramu 122... 1.32. Muone, kichwa kikubwa, mgongo wembe. Huyu ananyang'anywa chakula na wenzake, namtia tangi la pili na wanyonge wenzake, nitampima tena baada ya wiki mbili. Anayetaka vifaranga aje jioni, asubuhi niko Kongowea.