Kuandaa Somo Linalomfikirisha Mwanafunzi

Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Tuanze na andalio la somo. Kwenye malengo mtu ameandika: "Mwanafunzi aweze kuchambua sababu za mmomonyoko wa udongo." Ukishuka kwenye hatua za ufundishaji, unakuta mwalimu ataandika sababu tano ubaoni, wanafunzi watanakili, kisha wataulizwa wazitaje. Hapo hakuna uchambuzi. Kuna kukariri kulikovalishwa kanzu ya uchambuzi.

Sote tunazijua ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, na wenzake, za mwaka 1956, zilizorekebishwa mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba tumeziamini mno, tukadhani kitenzi, kama "chambua" au "tathmini", ndicho kinacholipatia swali ugumu. Ukiuliza "Kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo?", mtoto ambaye hajawahi kuambiwa jibu atafikiri kweli. Ukimwandikisha jibu Jumatatu, Jumatano swali lilelile ni la kukumbuka tu, hata ukilianza kwa neno "tathmini". Kipimo changu ni kimoja: je, jibu limo kwenye daftari lake? Kama limo, hujamfikirisha.

Kwa hiyo andaa somo kuanzia mwisho. Kabla ya kujaza andalio, andika swali ambalo mwanafunzi atapambana nalo. Halafu liandikie jibu wewe mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kama mwanafunzi hodari angelijibu. Jibu lako likiwa sentensi moja iliyofanana na ya kitabuni, futa swali uanze upya.

Tuchukue mada ya uvukizi. Chora jedwali ubaoni. Vyombo vitatu, kila kimoja kimetiwa mililita 100 za maji. Baada ya siku moja, sahani imebaki na 60, kikombe 90, chupa 99. Safu ya mwisho inasema sahani ilikaa dirishani juani, kikombe na chupa vilikaa pamoja kwenye rafu kivulini. Chini yake andika: "Mwanafunzi mmoja anadai kuwa chombo chenye mdomo mpana hupoteza maji haraka zaidi. Je, vipimo hivi vinathibitisha dai lake?"

Wengi watakimbilia "ndiyo", maana namba zinavutia. Wachache wataona jua, waseme "hapana". Jibu zuri liko mbele ya hayo mawili: sahani haiwezi kulinganishwa na vingine kwa sababu imetofautiana navyo kwa upana na kwa jua, lakini kikombe na chupa vilikaa mahali pamoja, na kikombe kimepoteza 10 wakati chupa imepoteza 1. Dai lina ushahidi kiasi, ila si ule unaoonekana mkubwa.

Kipindi kikiwa cha dakika 40, tano za mwanzo ni za kukumbusha maana ya uvukizi na namna ya kusoma jedwali. Msiziruke, mtu hachambui asichokijua. Dakika 4 kila mmoja aandike jibu lake peke yake, kimya. Dakika 8 wawili wawili. Dakika 13 darasa zima. Kumi za mwisho kila mmoja apange jaribio la kumaliza ubishi: atabadilisha nini, ataacha nini vilevile, atapima nini.

Zile dakika 4 za kimya ndizo tunazozikata kwanza muda ukibana, na ndizo zinazoshikilia somo zima. Zikikosekana, mwepesi mmoja anasema na wengine wanaitikia. Makundi ya watu sita yana ugonjwa huohuo. Darasa likiwa kubwa, wawili wa dawati moja wanatosha. Hakuna haja ya kuhamisha viti.

Kwenye majadiliano, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza hungoja kama sekunde moja tu. Walimu walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokosa la kusema walipungua. Hesabu moyoni hadi tano. Ngoja pia baada ya jibu, kabla ya kusema "vizuri", kwa sababu "vizuri" hufunga mjadala. Maswali ya kuchokonoa yaandike mapema, matatu hivi: Umejuaje? Kipimo gani kimekuonyesha hivyo? Ingekuwaje kama chupa nayo ingekaa juani? Ukiyategemea yaje yenyewe darasani, hayaji.

Kosa linaloua masomo ya namna hii ni huruma. Wanafunzi wanakwama dakika mbili, mwalimu anasema, "Hebu tazameni safu ya jua." Basi, kazi ameshaifanya yeye. Msaada uandae kwa vipande: kwanza, "Orodhesheni mambo yote yanayotofautisha vyombo hivi." Bado wamekwama? "Chagueni viwili vilivyokaa mahali pamoja." Na uwape waliokwama tu, si darasa zima.

Usahihishaji uwe wa alama 6: 2 kwa kutaja kuwa sahani imetofautiana kwa mambo mawili, 2 kwa kueleza kwa nini hilo linaharibu ulinganisho, 2 kwa kutumia kikombe na chupa. "Hapana" tupu haina alama.

Mtihani ukifika, jedwali hili lisirudi; sasa limo madaftarini. Leta mikebe mitatu ya maharage iliyomwagiliwa viwango tofauti vya maji, mmoja wao ukiwa na udongo wa aina nyingine. Kasoro ni ileile, sura ni mpya.