Shahidi ni Anayelala Pembeni
(Mazungumzo na madereva na familia zao, Ngamiani, Tanga)

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Niliomba madereva mje na wake zenu kwa sababu mwenye ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, inapokatika, amelala. Hajui kitu. Anayejua ni mke.

Kukoroma peke yake kusikutishe, mama. Wewe sikiliza kinachofuata. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Tumbo na kifua vinahangaika lakini hewa haipiti, maana nyama za koo zimelegea zikaziba njia. Sekunde 10, pengine zaidi. Mara anashtuka kama aliyekabwa, anageuka, anaendelea. Asubuhi ukimuuliza, "Nimelala fofofo."

Najua wengine mtasema jinamizi. Wa jinamizi huamka akakusimulia lilivyomkalia kifuani. Huyu hana la kusimulia: kichwa kinamgonga asubuhi, usiku ameamka kukojoa mara kadhaa, mchana akikaa tu anasinzia. Barazani, sawa. Je, akiwa kwenye usukani kati ya Muheza na Segera, abiria wamejaa nyuma? Tena presha haishuki na dawa anameza. (Hapo ndipo tunapoambiwa dawa zetu feki.)

Chukueni futi ya fundi kanzu. Shingo ikizidi sentimita 40, hatari inaongezeka, ingawa wembamba nao hawajasalimika. Pombe na vidonge vya usingizi huzidisha kulegea huko.

Usiku mrekodi kwa simu, sauti na kifua kionekane. Kisha nendeni wote wawili kituo cha afya, presha ipimwe, muombe rufaa ya hospitali ya mkoa, Bombo. Ukisema "nakoroma" utachekwa, sema "pumzi inakatika usingizini." Kipimo chenyewe ni kulala umefungwa vifaa puani, kifuani na kidoleni, ihesabiwe pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Zikifika 5 na dalili zipo, ni ugonjwa. 30 na kuendelea ni mkali.

Tiba kubwa ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, aliyoibuni Colin Sullivan huko Sydney, akaitangaza mwaka 1981. Haitoi oksijeni, ni hewa hii hii. Bei yake, nisiwadanganye, inauma. Kupunguza uzito na kulala ubavu kunasaidia, lakini aliye na ugonjwa mkali asiishie hapo.

Na mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi? Mara nyingi ni mafindofindo au nyama za puani. Huyo mpelekeni kwa daktari wa koo. Kimeo msimkate.