Namba Tatu Ubaoni: Kufundisha Historia Kidato cha Kwanza na cha Pili

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nawaita walimu wenzangu ingawa bado mko chuoni, maana mkishafika kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto aliyekaa mbele yako hatakuuliza cheti. Atakuita mwalimu, na atakutazama kama mwalimu.

Tazameni ubaoni kwanza. Nimeandika namba tatu: 15, 389 na 75,000. Sijaandika kingine. Mgeukie jirani yako, mwambie unadhani ni namba za nini. Nawapa dakika moja.

Haya. Huko nyuma nimesikia bei ya ng'ombe, nimesikia wapiga kura. Dada pale dirishani amesema wafu, na amepata. Ni waliokufa katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907. Wazungu 15. Askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani, 389. Na watu wa nchi hii waliosimama upande wa pili, kwa makadirio ya serikali ya kikoloni yenyewe, 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakijumlisha waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, wametaja hadi 250,000 na 300,000.

Mara ya kwanza niliziandika namba hizi mbele ya kidato cha pili, katika shule moja ya kata mkoani Lindi. Kulikuwa na binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa kwenye mahudhurio. Akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mbona hawa 389 wamehesabiwa mmoja mmoja, na hawa wetu wamekadiriwa?"

Nilikuwa nimeifundisha mada hiyo miaka sita. Swali hilo halikuwahi kunijia.

Tuliacha andalio la somo hapo hapo. Tukakaa na swali lake kipindi kizima. Nani huhesabu maiti baada ya vita? Jeshi linajuaje idadi yake kamili? Kijana mmoja akajibu kwamba askari analipwa mshahara, kwa hiyo jina lake limo kitabuni, na akifa linafutwa. Sawa. Na mkulima wa Umatumbi, huko vita vilikoanzia, jina lake lilikuwa kitabu gani? Kimya. Halafu mwingine akakumbuka kodi tuliyoisoma wiki iliyotangulia: kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Akasema, na maneno yake nimeyatunza hadi leo, "Basi waliandika nyumba, hawakuandika mtu."

Mtoto wa miaka 14. Hakuna kitabu kilichompa sentensi hiyo. Aliitoa kwenye namba tatu na swali la mwenzake.

Ninachowaomba leo ni kitu kimoja tu: mpeni mtoto ushahidi na swali kabla hamjampa jibu. Kipindi cha kawaida tunajua kinavyokwenda. Mwalimu anaingia, wanasimama, wanakaa, anaandika "Sababu za Vita vya Majimaji", kisha moja, mbili, tatu, hadi saba. Wanakopi. Kengele inalia. Mtoto amenakili majibu saba ya swali ambalo hakuwahi kuuliza, na wiki mbili baadaye yamemtoka yote, kwa sababu hayakuwa na mahali pa kushika. Silaumu mtu. Nilifundishwa hivyo, nami nilifundisha hivyo. Wala sisemi mwache kutoa notisi. Upimaji wa kidato cha pili upo, na mtoto asiyeweza kutaja sababu za vita vile atapata taabu. Nasema notisi zije mwisho, watoto wakishasumbuka na jambo lenyewe. Hapo hata kuandika wanaandika kwa hamu, maana wanataka kuona kama walipatia.

Na umri huu unatusaidia. Miaka 13, 14, 15, hakuna binadamu anayejali haki kama wao. Nani kapewa nyama kubwa bwenini, nani kachapwa bila kosa, kwa nini kaka anaruhusiwa na dada hakuruhusiwa. Siku nzima wanabishana habari za haki. Historia imejaa mabishano hayo hayo, halafu sisi tunawaletea orodha.

Sasa niseme jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Somo la kuvutia mara nyingi tunalifanya kuwa ni igizo. Nami nilifanya. Niliwaandalia igizo la kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, ambaye Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Tulitengeneza kamba, kofia za askari kwa maboksi, kila kitu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Wiki iliyofuata nikauliza kwa nini watu waliyapokea yale maji. Wakakumbuka kofia. Wakakumbuka nani alianguka. Kwa nini, hawakujua. Na nikaona uchungu mwingine: mtu aliuawa, na mimi niliwafundisha watoto wa watu wake kumcheka.

Igizo si baya. Lakini mtoto aingie kwenye igizo akiwa na jambo la kuamua. Siku hizi nawapa nafasi ya baraza la wazee wa kijiji: jumbe, yaani mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani, amekuja na amri ya shamba la pamba, mwaka umekuwa mbaya, na mgeni kutoka Ngarambe yuko nje anangoja jibu. Tunajiunga au hatujiungi? Kila mzee lazima aseme sababu yake, na sababu lazima itoke kwenye karatasi niliyowapa. Hapo hakuna anayecheka. Wapo wanaokataa kujiunga, na wanajitetea vizuri. Tena hilo ni kweli ya historia, maana si watu wote wa kusini waliingia vitani.

Karatasi hizo ninaziandaa hivi. Ya kwanza inaeleza shamba la pamba la pamoja: kulima kwa lazima, chini ya jumbe na akida aliye juu yake, kwa malipo kidogo mno, wakati shamba la nyumbani linaota magugu. Ya pili ni maelezo ya gavana wa Kijerumani, von Götzen, aliyeandika kitabu kuhusu vita hivyo, kikatoka Berlin mwaka 1909. Yeye aliegemea zaidi kwenye waganga na ushirikina. Ya tatu ni kauli za wazee wa kusini zilizokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo hicho kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wazee wale walizungumzia pamba, viboko, kazi ya kulazimishwa.

Ninapofika hapo huwa nasimama niwaambie watoto: waliokwenda kuwauliza wazee hawa walikuwa wanafunzi. Walibeba madaftari, wakaenda vijijini, wakawakuta watu waliokuwa hai vita vilipopigwa. Wangechelewa miaka 15, wengi wa wazee hao wangekuwa wamezikwa na maneno yao. Darasa hunyamaza. Nadhani ni kwa sababu wanaona kwa mara ya kwanza kwamba historia ilikusanywa na mtu, na mtu huyo angeweza kuwa wao.

Halafu swali: kwa nini gavana anasema ushirikina na wazee wanasema pamba? Usiwajibie. Waache. Watakwambia gavana anatetea kazi yake. Akikubali kwamba ni pamba, amekubali kwamba kosa ni la serikali yake. Vizuri sana. Sasa geuza upande wa pili: na wazee je? Wanazungumza mwaka 1968, nchi imepata uhuru, zaidi ya miaka 60 imepita. Hakuna wanachosahau? Hakuna wanachopenda kukisema kuliko kingine?

Hapa pana ugumu, na sitaupita mbio. Tunawalea watoto kwamba neno la mkubwa halihojiwi. Mimi nimelelewa hivyo na sijutii. Ukimwambia mtoto "mhoji babu yako", umemweka pabaya nyumbani, na siku ya pili mzazi yuko ofisini kwa mkuu wa shule. Kwa hiyo ninawafundisha namna ya kuuliza. Shikamoo kwanza. Kaa chini, usisimame juu ya kichwa cha mzee. Mwache amalize hadithi yake, hata kama inazunguka. Ndipo uulize kwa upole: Babu, hili uliliona mwenyewe au ulisimuliwa? Alikusimulia nani? Yeye alikuwa wapi siku hiyo? Hakuna mzee anayekasirika kwa maswali hayo. Wengi hufurahi, kwa sababu mjukuu anasikiliza kwa makini. Na mtoto amekwisha kujifunza kutofautisha aliyeshuhudia na aliyesikia bila mtu kumtajia maneno makubwa.

Bibi mmoja alimwambia mjukuu wake, mwanafunzi wangu, kwamba ukoo wao una shamba ambalo halilimwi, na yeye mwenyewe alikatazwa na bibi yake. Sababu haikujulikana tena. Yule mtoto alirudi darasani akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu. Hatukuweza kuthibitisha kama linahusu vita. Tuliandika kama lilivyo: limesimuliwa, halijathibitishwa. Ukurasa huo wa daftari lake ni historia nzuri kuliko mengi niliyosahihisha.

Mtaniuliza, darasa lina watoto 80 na vitabu 12, haya yatawezekanaje? Yanawezekana kwa karatasi za kalenda zilizokwisha. Nyuma ni nyeupe. Andika kwa mkono, kata, nakala moja kwa watu watano, zikusanye mwisho, zitumie tena mkondo B. Mimi ninazo za miaka minane. Kipindi cha dakika 40 kinatosha swali moja, msijaribu mawili.

Suala la lugha nitaligusa tu. Binti yule wa namba 389 aliuliza kwa Kiswahili wakati somo lilikuwa likifundishwa kwa Kiingereza. Ningemlazimisha aseme kwa Kiingereza, asingesema. Sasa tunalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na kwangu hiyo ni neema. Tuitumie kuwapa watoto nafasi ya kuuliza, tusiitumie kuimla orodha kwa lugha nyepesi zaidi.

Na popote mtakapopangiwa, anzeni na kilicho karibu. Ukipelekwa Songea, nenda makumbusho ya Majimaji kabla hujaandika azimio la kazi. Hapo walinyongwa viongozi wa Wangoni mwezi Februari 1906. Ukipelekwa Kondoa kuna michoro ya miambani. Ukienda Iringa, Kalenga ipo, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, na bado halikurudi hadi mwaka 1954. Andikeni ubaoni tu: "Kwa nini mataifa makubwa yaliandika kichwa cha mtu mmoja wa Uhehe kwenye mkataba wao?" Kisha mkae pembeni.

Sasa tufanye, maana nimesema sana. Kila meza ina bahasha. Ndani kuna mambo ya Kilwa, mji wa kale wa pwani yetu ya kusini. Mnajua sarafu za shaba za Kilwa: moja imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, hadi leo watu wanabishana, na swali lisilo na jibu watoto hulipenda kuliko yote. Lakini leo tunashughulika na mwanzo wa mji wenyewe. Mna karatasi mbili, muhtasari wa matoleo mawili ya habari za Kilwa: moja la Kireno, la João de Barros, lililochapwa mwaka 1552, jingine la Kiarabu, ambalo nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, katika karne ya 19. Yote yanasema mgeni kutoka Shirazi, huko Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo. Inasimuliwa kwamba nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa.

Mna pia ramani ya Kilwa Kisiwani yenye kipimio, na uzi. Uzungusheni uzi kwenye pwani ya kisiwa, unyoosheni kwenye kipimio, mpate kilomita. Kisha mjadili, kama watoto wa kidato cha kwanza: nguo hizo zingebebwa na majahazi mangapi? Nani alikuwa na faida ya kuisimulia habari hii hivi, kwamba kisiwa kilinunuliwa na hakikutekwa? Na aliyekiuza, mbona hatuna toleo lake?

Mko wanne wanne. Dakika 20. Nitapita mezani, ila msiniulize jibu.