Jengo la Miezi Sita: Mabanda ya Mataifa Montreal, 1967

Ndugu wasanifu, wahandisi, mafundi, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkaona mlango uko wazi, karibuni.

Nianze na neno lenyewe. Tukisema banda, wengi wetu tunaona banda la kuku, au yale ya Sabasaba yenye bati juu na meza mbele. Neno hilohilo ndilo tunaloliita jengo ambalo taifa hulisimamisha kwenye maonyesho ya dunia, hata likigharimu mamilioni. Wapo wanaoona linadhalilisha. Mimi naona limekaa mahali pake. Banda husimamishwa na mtu anayejua kwamba litang'olewa. Kwa hiyo kila banda la Montreal tutakalolitazama jioni hii tutaliuliza swali moja: viungo vyako vilifungwaje, na vilikusudiwa kufunguliwaje?

Maonyesho hayo yalifunguliwa kwa umma tarehe 28 Aprili 1967, yakafungwa 29 Oktoba. Yalishirikisha mataifa 62, na walioingia walizidi milioni 50. Haki ya kuyaandaa ilikuwa ya Moscow kwanza. Moscow ikajitoa mwaka 1962, Kanada ikapokea mzigo muda ukiwa umeshaliwa. Na kiwanja hakikuwapo. Ndani ya mto St. Lawrence, kisiwa cha Sainte-Hélène kiliongezwa ukubwa, na kisiwa cha Notre-Dame kikatengenezwa kwa kumwaga kifusi, sehemu yake ikitoka kwenye mahandaki ya reli ya chini ya ardhi iliyokuwa ikichimbwa mjini. Kazi ya kujaza ilianza Agosti 1963. Usimamizi wa ujenzi ulikuwa mikononi mwa Kanali Edward Churchill, aliyezipanga kazi kwa kutafuta ule mnyororo wa hatua ambazo moja ikichelewa siku moja, ufunguzi nao unachelewa siku moja. Hatua zilizo nje ya mnyororo huo zinaweza kusubiri. Zilizo ndani yake hazisubiri hata malori yakikwama.

Tukae kidogo kwenye udongo, maana wanafunzi hukimbilia paa. Kifusi kilichomwagwa majini hutitia, na ubaya wake ni kwamba hakititii sawasawa. Kona moja ya jengo ikishuka sentimita tatu na nyingine ikabaki palepale, ukuta mzito wa zege hupasuka. Halafu kuna baridi. Majira ya baridi ya Montreal maji yaliyo kwenye udongo huganda, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji, hivyo msingi uliowekwa juu juu huinuliwa. Dawa yake ni kushusha msingi chini ya kina cha kuganda, zaidi ya mita moja kwa mji ule, na kupunguza uzito wa kinachokaa juu yake. Ndiyo maana paa jepesi lilikuwa na maana pale. Ila paa jepesi nalo lina deni lake: upepo hulinyanyua. Msingi wake haufanyi kazi ya kubeba tu, unafanya pia kazi ya nanga.

Sasa tuingie kwenye banda la Ujerumani Magharibi. Wasanifu walikuwa Frei Otto na Rolf Gutbrod, na hesabu za uhandisi zilipitia ofisi ya Fritz Leonhardt. Ni milingoti minane ya chuma, mfupi mita 14, mrefu mita 38. Juu yake umetandazwa wavu wa kamba za chuma zenye unene wa milimita 12, matundu yake sentimita 50 kwa 50, ukifunika takriban mita za mraba 8,000. Chini ya wavu kimening'inizwa kitambaa cha polista kilichopakwa PVC. Angalieni: kitambaa kiko chini ya wavu, hakikutandazwa juu yake. Wavu ndio unaobeba. Kitambaa kinajibeba chenyewe tu, kutoka kishikizo hadi kishikizo, na ile nafasi kati yao inakiepusha kusuguliwa na vibano vya chuma kila upepo unapovuma.

Naomba watu wanne mje mbele na kanga. Shikeni pembe. Wawili mnaotazamana kwa mshazari inueni mikono juu, wawili wengine shusheni, halafu wote vuteni. Mnaona umbo? Upande mmoja limeinama kama tandiko la punda, upande wa pili limebinuka. Bonyeza kutoka juu, nyuzi zinazoning'inia kati ya pembe za juu zinakaza. Sukuma kutoka chini kama upepo, zinakaza zile nyingine. Daima kuna kundi linaloshika. Legezeni kidogo sasa: linapepea. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya paa la namna hii. Mvutano ukipungua upande mmoja, wavu huanza kupiga, vibano huteleza, kitambaa huchanika penye mishono. Na likitokea eneo lililo karibu bapa, mvua hutuama. Maji yaliyotuama hulishusha, likishuka hukusanya maji mengi zaidi.

Msiondoke kwanza. Vuteni kanga kwa kufuata uzi: hairefuki. Vuteni kwa mshazari: inajinyoosha. Mafundi cherehani wanalijua hilo siku zote. Wavu wa Otto ulitumia jambo hilohilo. Unafumwa bapa, miraba yote sawa, na pale kamba zinapopishana kibano kinaziruhusu kuzunguka kidogo. Ukiuinua, miraba hugeuka kuwa almasi na wavu bapa unapata mgongo na bonde bila kukatwa. Faida yake kiwandani ni kubwa: umbali kati ya vibano ni uleule kila mahali, kwa hiyo wavu ulitengenezwa Ujerumani, ukakunjwa, ukapakiwa melini. Asanteni, kanga mrudishieni mwenyewe.

Kuna tatizo mnalolifahamu kama mmewahi kusimamisha turubai la msiba: mti wa kati hulitoboa. Mzigo wote wa paa unakusanyika kwenye ncha moja. Otto alilijibu kwa jicho. Badala ya kuuleta wavu mpaka kichwani mwa mlingoti, kamba nene inaning'inizwa hapo ikiwa na umbo la tone la maji, na ncha za wavu zinafungwa kuizunguka. Mzigo unagawanyika kwenye mzingo mzima wa kitanzi, na tundu linalobaki linaingiza mwanga. Kwangu mimi hicho ndicho kiungo kizuri kuliko vyote vya maonyesho yale.

Umbo halikutoka kwenye kompyuta. Lilitafutwa kwa utando wa sabuni, kisha kwa mifano ya waya iliyopimwa. Fikirini usahihi unaotakiwa: kwenye mfano wa kipimo cha 1 kwa 75, kosa la milimita moja ni milimita 75 kiwanjani, na kamba iliyokwisha kukatwa fupi hairefuki. Ndiyo sababu mwaka 1966 kipande cha majaribio kilijengwa kwanza huko Vaihingen, Stuttgart, kwa ukubwa wa kweli, ili makosa yaonekane kabla ya meli kung'oa nanga.

Banda la Marekani lilikuwa kinyume chake karibu kwa kila kitu. Buckminster Fuller na Shoji Sadao walisimamisha robo tatu ya tufe, kipenyo mita 76, kimo karibu mita 62, likiwa na treni ndogo ya maonyesho inayopita tumboni mwake. Ngozi mbili za mabomba ya chuma: ya nje imegawanywa kwa pembetatu, ya ndani kwa pembesita, na fito za kuziunganisha katikati. Pembetatu haipindiki bila fito yake kuvunjika au kurefuka; mraba unapindika kwa kusukumwa tu. Ndiyo siri yote. Lakini tufe halikubali kugawanywa kwa pembetatu zilizo sawa kabisa. Ukilifunga kamili kwa njia ya Fuller utapata viungo 12 ambapo fito tano zinakutana, na kwingine kote zinakutana sita. Kwa hiyo urefu wa fito hutofautiana kidogo kidogo, tofauti ambayo jicho haliioni. Fundi akichanganya mirundo miwili, hatajua leo. Atajua siku ya kufunga safu ya juu, pengo litakapokataa fito ya mwisho. Kwenye kuba lolote la namna hii, paka rangi ncha za kila aina ya fito kabla hazijatoka karakana.

Viungo vya kuba lile vilichomelewa, na matundu yakazibwa kwa vipande vipatavyo 1,900 vya akriliki, plastiki angavu kama kioo. Hapo tupige hesabu. Joto likibadilika kwa nyuzi 60, na Montreal hilo ni jambo la kila mwaka, kipande cha akriliki cha mita 2 hubadilika urefu kwa takriban milimita 8. Chuma cha urefu huohuo hubadilika kwa milimita 1 na nusu. Zile zaidi ya 6 zilizobaki zinapaswa kuchukuliwa na mpira wa ukingoni. Usipoziachia nafasi, ama panavuja, ama plastiki inapasuka penye bolti.

Na akriliki inaungua. Tarehe 20 Mei 1976, wakati wa ukarabati, cheche za kuchomelea ziliishika ngozi, na ikateketea yote kwa muda mfupi. Mifupa ya chuma ilibaki imesimama. Moto mwembamba unaopita haraka haulingani na moto wa ghala lililojaa mali, haukipi chuma muda wa kulainika. Eneo lilifungwa kwa miaka, na mwaka 1995 pakafunguliwa jumba la makumbusho ya mazingira, Biosphère. Plastiki haikurudishwa. Mvua inapita katikati ya mabomba, na kusema kweli linapendeza zaidi hivyo.

Umoja wa Kisovyeti ulileta banda la Mikhail Posokhin, la vioo, lenye paa lililopinda kuelekea juu likibebwa na mihimili miwili yenye umbo la V. Hilo lilifunguliwa likapelekwa Moscow, uwanja wa maonyesho wa VDNKh, na huko mpaka leo linaitwa Montreal. Anayehamisha jengo la namna hiyo aandike namba kwenye kila kipande kingali juu, kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Kikishafika chini, kila kipande kinafanana na mwenzake.

Afrika Mashariki ilikuwapo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa ndani ya Africa Place, kundi la mabanda madogo yaliyoungana, kazi ya msanifu John Andrews, lenye paa zilizoumbwa zipitishe hewa bila mashine. Kama usanifu, ni jibu zuri: kila nchi chumba chake, huduma za pamoja, gharama zikigawanywa na mataifa yaliyokuwa na uhuru wa miaka michache tu. Kama picha ya taifa, nina shaka. Uingereza ilikuwa na mnara wake wa Basil Spence wa mita 61, Ethiopia ilikuwa na hema lake jekundu, sisi tukaingia kwa mlango ulioandikwa jina la bara zima.

Banda la Yugoslavia, miche ya pembetatu iliyopangwa kama matanga, lilinunuliwa likapelekwa Grand Bank, Newfoundland, likawa makumbusho ya mabaharia. Umbo lilikutana na kazi yake kwa bahati.

Na wavu wa Otto? Ule wa Montreal ulibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati uzoefu wake umeshatumika kwenye uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972. Kile kipande cha majaribio cha Vaihingen kilihamishwa mahali, kikapigwa paa la kudumu, kikawa taasisi ya Otto chuoni Stuttgart. Kipo mpaka leo, na jicho lake bado linaingiza mwanga.

Maswali sasa. Aanze yule mwenye kanga.