Servo haijui taratibu, acheni kuihangaikia volteji

Naona kuna sura nilishakutana nazo kwenye vikao vya nyuma, mtanivumilia, na wale wa "huyu mzee na gia zake" nawajua pia. Servo ni nini siwaelezi, kimota chenye gia ndani kinachogeuka hadi pembe unayokitajia, waya tatu, na leo shida yetu ni kuzungusha nayo kamera ya video taratibu, tuendelee.

Kitu ambacho hakiwaingii watu ni hiki: servo ya kawaida haipokei amri ya spidi. Ile palsi, yaani mpigo mfupi wa umeme unaoutuma kila milisekunde 20 inaiambia pa kwenda, basi. Ni kama mtoto umemtuma dukani, hujamwambia akimbie ila atakimbia tu. Sasa mtu badala ya kuelewa hilo anaanza kupunguza umeme. Jamani! Chukua MG996R, servo hii ya gia za chuma ambayo wengi wenu mnayo, kwa volti 6 inamaliza nyuzi (digrii) 60 kwa sekunde 0.14, kwa volti 4.8 inatumia 0.17. Ndo umeambulia hicho! Na wewe unataka kamera izunguke nyuzi 90 kwa sekunde 10, yaani nyuzi 9 kwa sekunde, wakati servo hata kwa hiyo 4.8 inakata zaidi ya 350. Unatakiwa kuipunguza karibu mara 40, volteji imekupa punguzo ambalo asilimia 20 haifiki. Ukishusha zaidi ya hapo haiendi taratibu, inatetemeka, saketi ya ndani inazima inawaka. Mwingine anachomeka rezista, kile cha kuzuia umeme, kwenye waya mwekundu, rezista inachemka, mota ikivuta tu umeme unaanguka, servo inajirizeti, halafu ananipigia usiku "mkuu nimeuziwa feki". Si feki kaka.

Haya, yule pale anataka kusema programu, "mimi naongeza digrii moja moja naweka dilei katikati". Afadhali wewe. Ila tupige hesabu. Lensi inayoona nyuzi 60 kwenye video ya pikseli 1920, nyuzi moja ni pikseli 32. Kwahiyo picha inaruka pikseli 32, inasimama, inaruka tena, mara 9 kwa sekunde, bibi harusi anaingia ukumbini kwa kurukaruka na hela umeshakula. Utasema basi natumia maikrosekunde, yaani urefu wa palsi yenyewe, sawa, tumia, kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, nyuzi moja ni kama maikrosekunde 10 hivyo unaweza kugawa hatua ndogo zaidi. Lakini servo ndogo kama SG90 mabadiliko yasiyofika kama maikrosekunde 10 inayakaushia. Unaongeza 2 imekausha, unaongeza 4 imekausha, ikifika 10 ndo inashtuka na kuruka. Hakuna programu ya kuondoa hilo, liko ndani ya kiboksi.

Ndo maana nang'ang'ania gia. Weka ya meno 12 kwenye servo, ya meno 60 kwenye shafti ya kamera. Ule mruko wa pikseli 32 unabaki kama 6, spidi inagawanywa kwa 5, nguvu inapanda karibu mara 5 ukitoa msuguano. Gharama yake ni kwamba nyuzi 180 zako zimebaki 36. Hapo wajanja wanachomoa potenshomita, kile kipimo cha ndani kinachoijulisha servo imefika pembe gani, wanaihamishia kwenye shafti ya kamera ili 180 zirudi, nami nawaambia mmeurudisha na mruko wenu, maana servo sasa inajipimia huko huko kwenye kamera, spidi imepungua kweli ila ulaini hamna. Unavitaka vyote viwili? Tafuta servo ya kuzunguka mfululizo, hiyo palsi kwake ndo amri ya spidi, ifungie gia za kupunguza zaidi, mota iende mwendo wake wa kati usiilazimishe kutambaa, kutambaa ndo kunaleta kukwamakwama.

Naonyeshwa saa hapa. Haraka haraka: meno ya gia yakicheza, funga rababendi ivute shafti upande mmoja muda wote. Servo iwe na betri yake, graundi, ule waya wa hasi, tu ndo iungane na ya Arduino, usiivutie umeme kwenye bodi. Kuanza na kusimama polepole nilikuwa na slaidi zake, tuziache. Na stepa mota, mota inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ndio, najua, ile 28BYJ-48 ina hatua zaidi ya 2000 kwa mzunguko mmoja, unayo itumie, mada niliyopewa ni servo.

Aliyekuja na yake asogee mbele tuifungue, skrubu ni nne ziko chini, ndefu nyembamba, msizipoteze.