Angela Burdett-Coutts na Mali ya Harriot

Ndugu zangu, Angela Burdett-Coutts, yule tajiri mfadhili wa Uingereza wa karne ya 19, akitajwa, husomewa orodha ya sadaka zake: makanisa, shule, nyumba za maskini wa London. Mimi leo naomba tuanze na fedha zenyewe, maana bila kujua zilikotoka hatumwelewi mama huyu.

Babu yake mzaa mama, Thomas Coutts, alikuwa mwenye benki. Mke wake wa kwanza alikuwa yaya nyumbani kwa kaka wa Thomas. Yaya huyo alipofariki mwaka 1815, mzee akamwoa Harriot Mellon, mwigizaji wa jukwaani, hata matanga hayajaondolewa. Binti zake watatu, wote wameolewa na mabwana wakubwa, walichukia. Lakini mali yote mzee alimwachia Harriot, na Harriot alipofariki mwaka 1837 akampa mjukuu wake wa kambo, Angela, kitindamimba wa watoto sita. Zilikuwa takriban pauni milioni 1.8. Binti alikuwa na miaka 23.

Baba yake, Sir Francis Burdett, ni yule mbunge aliyefungwa katika Mnara wa London mwaka 1810 kwa kutetea uhuru wa kusema. Naamini ukaidi wa Angela ulitoka kwake.

Kazi yake ninayoithamini kuliko zote ni Urania Cottage, nyumba aliyoifungua mwaka 1847 huko Shepherd's Bush, magharibi mwa London, pamoja na mwandishi wa riwaya Charles Dickens. Walipokewa wanawake waliotoka jela na waliojiuza mitaani. Walifundishwa kusoma, kushona na kupika, kisha wakasafirishwa kuanza maisha mapya Australia na kwingineko. Dickens alitaka wavae nguo za rangi za kuchangamsha. Angela alipendelea za rangi iliyofifia. Hapo namuunga mkono Dickens kabisa! Aliyetoka jela hahitaji sare nyingine ya huzuni.

Mwaka 1871 Malkia Victoria alimpa cheo cha ubaroni kwa haki yake mwenyewe, si kupitia mume. Miaka kumi baadaye, akiwa na miaka 66, aliolewa na katibu wake, William Ashmead Bartlett, kijana wa miaka 29 mzaliwa wa Marekani. Wasia wa Harriot ulikataza mrithi kuolewa na mgeni. Sehemu tatu kati ya tano za mapato yakaenda kwa dada yake Clara, na sadaka zikapungua. Watu wengi humlaumu bibi harusi. Mimi naulaumu wasia, tena ulioandikwa na mwanamke ambaye mwenyewe alitukanwa kwa sababu ya ndoa yake.