Mchezo Usiomtoa Mtoto Nje

Ndugu walimu na wageni waalikwa, nimeombwa nizungumzie michezo ya vikundi inayofaa vipindi vya elimu ya viungo katika shule za msingi, nami nitaanza na kigezo ninachokitumia kuupima mchezo wowote kabla ya kuupeleka uwanjani: katika dakika yoyote ile, ni watoto wangapi wanaokimbia, kuruka au kurusha, na ni wangapi wanaotazama? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za mazoezi ya mwili, ya kadiri hadi makali. Kipindi kimoja hakiwezi kuzitimiza zote, hasa ukiondoa muda wa kubadili nguo na kutoa maelekezo, na kwa hiyo zile chache zilizobaki hazifai kuishia kwenye foleni.

Tuchukue mbio za kupokezana vijiti, ambazo wengi wetu tunazipenda kwa shangwe zake. Darasa la wanafunzi 40 likigawanywa katika timu 4 za watoto 10, na kila mmoja akatumia sekunde 20 kwenda na kurudi, basi katika robo saa nzima mtoto atakimbia kwa takriban sekunde 90 tu, na muda uliosalia atakuwa amesimama akishangilia. Wagawe watoto hao hao katika timu 10 za watoto 4, nao watakimbia kwa karibu dakika 4 kila mmoja. Kilichoongezeka ni vijiti 6 tu. Shangwe, ni kweli, zitapungua kidogo.

Zito zaidi kuliko foleni ni kanuni ya kutoka. Katika rede, na katika kukimbizana kwa kawaida, anayeguswa huondoka uwanjani, na mara nyingi wa kwanza kuguswa ni yule asiye na mbio, anayeuogopa mpira, au aliyehamia darasani juzi. Maana yake ni kwamba aliyehitaji mazoezi kuliko wenzake ndiye anayepata machache kuliko wote, tena akiwa ameketi pembeni huku wakimwona. Sisemi rede iachwe. Nasema aliyepigwa aende kando, aruke kamba mara 10, kisha arudi mchezoni. Warushaji walenge chini ya kiuno, na mpira uwe laini, wa sponji au wa matambara, kwani mpira mgumu humfundisha mtoto kukwepa kabla hajajua kudaka.

Kukimbizana ndiko kwenye hazina kubwa, na hakuhitaji kifaa chochote. Wakimbizaji wawe 4 au 5 badala ya mmoja, wavae vizibao vya rangi ili watambulike, na anayeguswa agande akiwa ametanua miguu mpaka mwenzake apite chini yake na kumkomboa. Hapo kila aliye huru ana kazi mbili, kukimbia na kuokoa. Mchezo ninaoupendelea zaidi ni ule wa mikia, ambamo kila mtoto huchomeka kipande cha kitambaa kiunoni kwa nyuma na kujaribu kuchomoa vya wengine huku akilinda chake. Aliyepoteza mkia haachi kucheza, bali huendelea kuwinda, na akipata mkia hujichomekea mwenyewe. Kwa madarasa ya juu upo mnyororo: anayeshikwa huungana mkono na mshikaji, na minyororo ikifika watu 4 hukatwa kuwa miwili ya wawili wawili. Msiuache urefuke, maana anayekaa mwishoni huvutwa kwa kasi asiyoweza kuimudu, na huko ndiko watoto huangukia.

Kuhusu usalama nitasema machache. Ukuta usiwe kamwe mstari wa kumalizia. Uchorwe mstari hatua kadhaa kabla yake. Mguso uwe wa kiganja, begani au mgongoni, bila kusukuma. Ishara ya kusimama ifanyiwe mazoezi kabla ya mchezo wenyewe, hata mara tatu, mpaka filimbi moja iwatulize wote.

Limebaki suala la kugawa timu. Desturi ya kuwaweka manahodha wawili mbele wachague mmoja mmoja naiona ya kikatili, kwa sababu wa mwisho kuchaguliwa hujulikana na darasa zima, na aghalabu ni yule yule kila wiki. Waambie watoto watafute wenza wanaolingana nao kwa mbio, kisha mmoja wa kila jozi aende kulia na mwingine kushoto. Timu zitakaribiana kwa uwezo, na kazi yenyewe haichukui hata dakika moja. Idadi ikiwa witiri, asiye na mwenza apewe nafasi ya kuchagua upande anaoutaka.